Wanatuambia tuuze nje, hawatuambii mlango upi umefungwa

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Miembeni, Bukoba

NDOO mbili za senene. Huo ndio mtaji uliopotea, ndugu msomaji, na aliyeupoteza ni kijana wa hapa hapa Miembeni ambaye jina lake naliweka kapuni kwa sababu bado anadaiwa. Msimu ule wa Novemba alikesha kwenye mataa na mabati ya wategaji akinunua senene wabichi, akawapa kina dada kazi ya kunyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga, akawakausha, akafunga pakiti safi kama za karanga. Kaka yake aliyeko Ulaya alikuwa amempigia simu kuwa Wahaya na Waganda walioko huko wanawalilia senene na hawaulizi bei. Fedha ya mzigo akaitoa kwenye upatu wa kijiweni kwetu, tena akachukua na zamu ya mwenzake.

Msafiri aliyekubali kuubeba mzigo alifika salama. Begi likafunguliwa uwanjani, akaulizwa karatasi. Hakuwa nayo hata moja. Senene wakaishia kwenye pipa la takataka, na yeye akaambiwa ashukuru kwamba hajatozwa faini.

Habari ilipofika kijiweni, kila mtu alikuwa na la kusema. Mmoja akasema wazungu wana roho mbaya. Mwingine akasema huo ni ubaguzi, wanakula konokono na vyura wao halafu wanatutupia senene wetu. Na mimi, nakiri, nilipiga kelele pamoja nao. Ni baadaye nilipokaa na kusoma ndipo nilipoona kwamba tulikuwa tunapigia kelele ukuta.

Ukweli ni huu. Umoja wa Ulaya una sheria ya kile wanachokiita chakula kipya, na toleo lake la sasa lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Mdudu yeyote anayekwenda kuliwa huko lazima aruhusiwe kwa jina lake, mmoja mmoja. Mwaka 2021 waliruhusu funza wa unga, kisha mwishoni mwa mwaka huo huo wakaruhusu nzige wa kuhama. Mwaka 2022 akafuata nyenje wa nyumbani. Senene wa Bukoba hayumo. Zaidi ya hapo, hata nchi anakotoka mdudu lazima iwe kwenye orodha yao. Kwa hiyo nzige, mharibifu wa mashamba, anauzwa dukani Ulaya kwa amani, na senene anatupwa pipani!

Je, ni kwa sababu senene ana sumu? Hapana. Ni kwa sababu jina lake halijapitishwa. Na sheria hiyo hiyo inayo njia fupi kwa vyakula vya asili kutoka nchi za nje: unatakiwa kuonyesha kwamba watu wa nchi fulani wamekula chakula hicho kwa usalama kwa muda usiopungua miaka 25. Miaka 25! Bibi yangu alikula senene, na bibi yake alikula senene. Mkoa mzima wa Kagera ni ushahidi unaotembea kwa miguu. Kinachotakiwa ni watu wa maabara, watu wa sheria na ofisi ya serikali yenye muhuri, wakae chini waandike. Kijana wa Miembeni aliyeishia kidato cha nne hawezi kuandika faili hilo. Lakini anaweza kuuliza: wenye mishahara ya kuliandika wako wapi?

Tusije tukadhani tatizo hili ni la kwetu peke yetu. Novemba 2021 ndege ya Shirika la Ndege la Uganda ilikuwa njiani kutoka Entebbe kwenda Dubai, abiria mmoja akafungua mfuko wake na kuanza kuuza senene humo humo angani, wenzake wakanyanyuka vitini kununua. Picha zilienea dunia nzima. Watu walicheka sana, na shirika lenyewe likatamka kwamba linafikiria kuwaweka senene kwenye chakula cha abiria. Mimi nilicheka pia. Halafu nikajiuliza: wale senene walipotua Dubai, nani alikuwa na karatasi zao?

SANGARA ALITUFUNDISHA, TUKASAHAU

Wazee wetu wa mwaloni hawahitaji kuhadithiwa jambo hili. Mwaka 1997 Hispania na Italia zililalamika kukuta vijidudu vya salmonela kwenye minofu ya sangara wa Ziwa Victoria. Mwisho wa mwaka huo kipindupindu kikazuka katika nchi zetu, na Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa miezi kadhaa ya 1998. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kuwa kuzuia chakula namna ile si dawa ya kipindupindu, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa. Mwaka 1999 ukafungwa tena, na safari hii kwa kosa letu wenyewe: kulikuwa na watu waliokuwa wakimwaga dawa za kuulia wadudu ziwani ili samaki waelee, wawaokote na kuwauza.

Mvuvi wa Bukoba na wa Muleba aliyajuaje haya? Hakuletewa barua. Hakutangaziwa. Aliyajua siku alipofika mwaloni na samaki wake akakuta tajiri wa kiwanda ameshusha bei, au gari la barafu halikuja kabisa. Samaki walioandaliwa kwa ajili ya Ulaya wakarudi kukaangwa na kubanikwa. Ilikuwa ni mara ya pili ndani ya miaka michache kwa watu wa ziwa kukosa wanunuzi bila kosa: mwaka 1994 maiti za ndugu zetu wa Rwanda zilipoletwa na mto Kagera hadi ziwani, hata sisi wenyewe tuliogopa kula samaki.

Lakini angalieni kilichofuata baada ya 1999. Kwa kuwa viwanda vya minofu vilikuwa vya wenye fedha, na dola zilikuwa zinapotea, serikali iliamka. Wakaguzi wakapatikana. Mialo ikaanza kusakafiwa na kuwekewa maji safi. Maabara ya kupima samaki ikasimama Nyegezi, Mwanza. Minofu ikarudi kupanda ndege. Kumbe inawezekana! Serikali ikitaka kujua nchi ya nje inadai nini, inajua. Ikitaka kutimiza, inatimiza. Swali langu ni kwa nini inaamka akiumia mwenye kiwanda, na inalala akiumia mwenye ndoo mbili.

SOKO LA PAMOJA LENYE MILANGO MINGI

Sasa twende karibu zaidi na nyumbani, maana wengi wetu hatuna ndugu Ulaya. Biashara yetu ni Mutukula, kama kilometa 80 tu kutoka hapa. Ni Masaka, Kampala, Kigali, na kwa wenye mtaji mkubwa ni Nairobi. Tumeimbiwa wimbo wa soko la pamoja la Afrika Mashariki tangu lilipoanza tarehe 1 Julai 2010. Viongozi wamekuja kukata utepe: Novemba 2017 Magufuli na Museveni walisimama pale Mutukula kufungua kituo cha pamoja cha mpakani. Kijana akisikia "soko la pamoja" anaelewa kama anavyoelewa soko la Bukoba mjini, kwamba unaingia na mzigo wako, unalipa ushuru wa meza, unauza.

Haliko hivyo. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilitoa barua ya kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Barua ilitoka, na magari yaliyokuwa njiani yakakwama mpakani, mahindi yameshanunuliwa, yameshapakiwa, dereva anadai posho ya kila siku. Siku chache baadaye Kenya ikalegeza, lakini kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha uasili, na uwe na cheti cha kupimwa kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Haya, niambie ewe mlalahoi mwenzangu mwenye magunia kumi na tano uliyokusanya moja moja kule vijijini: maabara ya kupima sehemu 10 katika bilioni unaijua iko mtaa gani?

Aliyekuwa na cheti tayari alipita na kuuza kwa bei nzuri, kwa sababu wenzake wamekwama. Asiye na cheti aliwauzia madalali wa mpakani kwa bei ya kutupa.

Kuna jambo jingine linalowaponza vijana wengi wa Mutukula. Jumuiya imeweka utaratibu mwepesi kwa mfanyabiashara mdogo: mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani unapewa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani, na kwa bidhaa zilizo kwenye orodha yao ushuru wa forodha hautozwi. Ni utaratibu mzuri na nausifu. Lakini kijana anadhani akishapata karatasi ile amemaliza. Karatasi ile inahusu ushuru tu. Haimwondolei afisa wa kilimo wa upande wa pili haki ya kuuliza cheti cha afya ya mimea, wala haimzuii mtu wa viwango kuchukua sampuli. Unasamehewa ushuru mkono huu, unazuiwa mkono ule, na wewe unasema umeonewa.

Na wakati mwingine bidhaa haina kosa lolote, kosa liko kwenye ulichofungia. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008. Kenya ikafuata Agosti 2017 kwa adhabu kali, na sisi wenyewe tarehe 1 Juni 2019. Kreti za mbao na vichanja vya kubebea mizigo ya meli, nchi nyingi zinadai mbao ziwe zimepitishwa kwenye moto wa nyuzi 56 kwa dakika 30 hadi katikati ya ubao, kisha zigongwe muhuri maalumu, ili zisipeleke dumuzi wa mbao. Sisi tunachonga kreti kwa fundi wa jirani, tunagongelea misumari, tunashukuru Mungu. Hata majani ya mgomba tunayofungia kila kitu huku kwetu, kwa afisa wa afya ya mimea ni mzigo wa pili unaohitaji karatasi yake.

Wenzetu wa mitumba nao wanalijua hili kwa uchungu. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu. Haikupiga marufuku kwa jina. Lakini mwenye robota lake aliyefika Rusumo na hesabu za zamani alikuwa amepigwa marufuku kweli kweli.

NDIZI, HII NDIYO INAYOUMA ZAIDI

Mtu wa Kagera akizungumzia kuuza nje, lazima afike kwenye ndizi. Tunazo mpaka zinaiva na kuoza barabarani. Kwa nini hatuzipeleki Afrika Kusini, nchi yenye fedha iliyo ndani ya SADC pamoja nasi? Kwa sababu kwa miaka walikuwa hawazipokei. Nani alijua? Wengi wetu tulijua Aprili 2025, pale waziri wa kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, alipotoka hadharani na kusema kuwa Afrika Kusini imekuwa ikizuia ndizi za Tanzania, na kwamba Malawi nayo tangu Machi imezuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi yetu. Akatoa siku chache, na zilipokwisha akafunga mlango wa Tanzania kwa mazao ya nchi hizo mbili. Baada ya siku chache tena, mazungumzo yakafanyika, marufuku ikaondolewa.

Wapo walioshangilia ubabe ule. Mimi sikatai kwamba nchi inapaswa kupigania mazao yake. Lakini hebu tujiulize, vijana wenzangu. Kama mlango wa Afrika Kusini ulikuwa umefungwa miaka yote hiyo, kwa nini kwenye semina zote za ujasiriamali tulizoitwa, tukapewa soda na kalamu, hakuna aliyesimama akasema: "Ndizi msijaribu kule, bado"? Na marufuku ile ya kwetu ilipotangazwa, mfanyabiashara mdogo wa Mbeya aliyekuwa na tufaha za Afrika Kusini njiani alitazamwa na nani?

Tena tuseme na upande wa pili, maana gazeti hili halikuanzishwa kudanganya wasomaji. Nchi ya watu ina haki ya kuogopa magonjwa ya migomba. Sisi tunajua mnyauko ni nini. Uligunduliwa Tanzania mwaka 2006, tena kijijini Kabare, hapa hapa wilayani Muleba, na tangu hapo umeangusha mashamba ya wazee wetu, mtu anakata mgomba anakuta ndani usaha wa njano. Ugonjwa ule hutembea na visu, na nyuki, na machipukizi anayochukua mtu kwa shemeji yake bila kufikiri. Angekuwepo wakati ule afisa mkali wa kuzuia migomba isivuke mpaka, pengine tungelia machozi machache. Kwa hiyo sisemi milango yote iwe wazi. Nasema tuambiwe ipi imefungwa, kwa sababu gani, na ufunguo uko kwa nani.

Maana kuna milango ambayo mfanyabiashara hawezi kuifungua hata awe tajiri. Parachichi la Tanzania halikuingia China kwa ujanja wa wauzaji; liliingia kwa sababu Novemba 2022 serikali mbili zilitia saini makubaliano ya ukaguzi wa mimea. Kabla ya saini ile, ungepeleka kontena zima la parachichi bora kuliko yote duniani, lingerudishwa. Vivyo hivyo mabondo ya sangara ambayo vijana wa mwaloni wanayagombania kama dhahabu. Tangu 1 Januari 2022 China inadai kiwanda cha nje kinachoandaa chakula cha kuingia kwao kiwe kimesajiliwa na forodha yao, na kwa mazao ya samaki jina la kiwanda hupelekwa na serikali ya nchi husika. Kijana anayekausha mabondo juu ya bati la nyumba ya mama yake asidhani anauza China. Anamuuzia mwenye namba ya usajili, na mwenye namba ndiye anayepanga bei.

Kahawa nayo inakuja na lake. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria ya kukataa kahawa iliyolimwa kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na muuzaji anatakiwa kuonyesha shamba liko wapi hasa kwenye ramani. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini sheria haijafutwa. Sasa yule mzee wa Kamachumu aliyeuza kahawa yake butura, ingali maua mtini, kwa mtu aliyepita na pikipiki, ramani yake ataichora nani?

NILIKWENDA OFISINI

Baada ya mkasa wa senene niliamua kuzunguka kwenye ofisi nikaulize, kama mtu anayetaka kupeleka maharage Uganda. Ofisi sizitaji. Ya kwanza niliambiwa niandike barua kwa mkuu wa ofisi, naye yuko safarini. Ya pili niliulizwa kama nina leseni na namba ya mlipakodi, nikajibu ninazo, nikaambiwa basi nenda mpakani watakueleza. Mpakani! Yaani ninunue, nipakie, nilipe gari, halafu nikaelezwe nikiwa na mzigo mgongoni.

Ya tatu nilimkuta mzee mmoja anayekaribia kustaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Kaa."

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo wenzake hawakulifanya, kisha akaniuliza: "Mnunuzi wako wa huko amekutumia kibali?"

"Kibali gani, mzee? Mimi ndiye ninayepeleka."

Akatikisa kichwa. "Mnaanza kwa mkia nyinyi. Mimea na mazao yake, nchi inayopokea ndiyo inayotoa ruhusa. Mnunuzi wako anaomba kibali cha kuingiza kwao, kwenye wizara yao ya kilimo kule Entebbe. Kibali kinaandikwa masharti: kama mzigo ufukizwe dawa, kama upimwe, kama utoke eneo lisilo na ugonjwa fulani. Unakileta kwetu. Mkaguzi wa mamlaka ya afya ya mimea anakagua mzigo kwa kufuata yale masharti, ndipo anakupa cheti. Bila kibali, mkaguzi wetu anakagua nini? Hajui wenzake wanataka nini."

Nikamwambia, "Mzee, maneno haya mbona hamjayabandika ukutani hapo nje?"

Akacheka, akasema karatasi za kubandika zinatoka juu.

Ndugu msomaji, dakika kumi za mzee yule zingeokoa upatu wa kijiwe kizima. Kibali kwanza, mzigo baadaye. Kwa Kenya ni vivyo hivyo, kibali cha mimea hutolewa na shirika lao la KEPHIS, na anayekiomba ni mnunuzi wa kule. Kama mnunuzi wako anakwepa kukitafuta, anakuambia "wewe leta tu, tutamalizana mpakani", basi huyo hajakuahidi kitu. Hasara ya mpakani itakuwa yako, yeye atatafuta kijana mwingine. Mwulize pia mtu wa gari au wa meli, maana nao wana marufuku zao. Na uulize wiki ile ile unayopakia, kwa sababu barua ya Kenya ya 2021 ilizikuta gari barabarani.

Nimejifunza na jambo jingine ambalo lilinikasirisha zaidi. Chini ya kanuni za Shirika la Biashara Duniani, nchi mwanachama ikitaka kuweka kanuni mpya ya kiufundi au ya afya ya chakula na mimea inayogusa biashara, inatakiwa kuwajulisha wenzake, na kila nchi inatakiwa kuwa na ofisi ya kupokea na kujibu maswali. Kwa upande wa viwango, hapa kwetu ofisi hiyo ni TBS. Tena upo mtandao uitwao ePing, unajiandikisha bure, unataja bidhaa yako na nchi unayotaka kuuza, taarifa zinakujia kwenye barua pepe. Kwa hiyo taarifa za kanuni za nje hazijafichwa Brussels wala Pretoria. Nyingi zimeshafika nchini. Zimelala Dar es Salaam, kwa Kiingereza.

Ndiyo maana nasema hili ni suala la siasa na si la senene. Tangu enzi za ruksa tunaambiwa vijana tujiajiri, tuache kukaa vijiweni, tuchangamkie fursa. Tukichangamka tunatozwa leseni, tunatozwa ushuru wa mazao, tunatozwa maegesho. Halmashauri inajua kutuma mgambo na risiti kila asubuhi. Haijui kutuma mtu na chaki? Gharama ya ubao mmoja pale sokoni, mmoja stendi, mmoja bandarini, mmoja Kemondo na mmoja Mutukula haifiki posho ya kikao kimoja cha waheshimiwa. Kila Jumatatu afisa biashara aandike kwa Kiswahili: wiki hii nchi fulani imezuia kitu fulani, nchi fulani inadai cheti fulani, cheti kinatolewa ofisi fulani kwa ada fulani. Ada iandikwe kwa tarakimu, maana pasipoandikwa ada ndipo panapozaliwa kitu kidogo.

Na madiwani wanaokuja kuomba kura Miembeni waulizwe ubao uko wapi kabla hawajaanza kugawa fulana.

Na sisi vijana tusijitoe. Tumezoea bora liende. Mtu anatumia wiki nzima kubishana kuhusu Simba na Yanga kwa takwimu za miaka ishirini, lakini mzigo wa akiba yake yote anaupakia kwa kusikia tu kwamba fulani alipita wiki iliyopita. Aliyepita wiki iliyopita inawezekana alipita njia ya panya. Usiku huo hakukutwa, basi kijiweni inakuwa kanuni.

Yule rafiki yangu nimemkuta juzi karibu na soko. Senene ameachana nao kwanza, sasa anakusanya maharage, magunia manane hadi sasa, yamekaa stoo kwa shangazi yake. Mnunuzi wa Masaka amempigia mara mbili kumwambia aharakishe, bei iko juu. Amemjibu hatoki Bukoba hadi aone kibali kwa macho yake. Wenzetu wa upatu wamekasirika, wanasema anawachelewesha, na mmoja ameshachukua redio yake kama rehani. Tulipoagana alikuwa anaelekea steshenari kuangalia kama karatasi kutoka Entebbe imefika kwenye barua pepe.